Bustani Chini ya Dirisha la Malkia

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kakata maneno: kitandani! Siyo kupumzika-pumzika. Kulala kabisa. Kuamka ni kwenda msalani na kurudi, basi. Leo wiki ya ishirini ya mimba. Tufike ya thelathini na sita, kasema, hapo tutapumua. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani: wiki kumi na sita. Njiani kurudi mke wangu kaniuliza jambo moja tu. Nani atapanda mbegu zake?

Maana mbegu alishanunua. Bahasha nne juu ya kabati — nyanya, karoti, mchicha, matango. Na nyuma ya nyumba kuna kile kipande kati ya ukuta wa karakana yangu na uzio, alichokitolea macho tangu tuhamie. Nikasema nitapanda mimi. Kanitazama kama amesikia paka akijitolea kulinda samaki.

Mimi mchora mabango. Nimeshachora nyanya kubwa kuliko mlango wa duka. Kupanda, sijawahi kupanda hata kitunguu.

Tumesogeza kitanda hadi dirishani, chumba cha nyuma. Akiegemea mito miwili anaiona bustani yote — tuseme anakiona kifusi chote. Ameomba mwiko wa mbao, wa kunielekezea na wa kugonga kioo. Tangu leo jina lake Malkia. Kalikubali bila kubisha.


Alhamisi, 6 Machi

Nimelima. Yaani nimepigana na ardhi na ardhi imeshinda kwa pointi. Nimetoa vizibo vya chupa, soli ya kiatu, kijiko, msumari mrefu kama kidole changu cha kati. Malkia dirishani: "Chimba, usikwangue! Hiyo siyo rangi ya zamani!" Nikachimba. Kasema changanya samadi, nikachanganya. Mchana udongo ulikuwa umegeuka — ulikuwa wa matofali, sasa kahawia nzito yenye weusi ndani yake, inayonuka mvua ya mbali. Nilisimama naitazama tu, jembe mkononi. Sijui kwa muda gani. Mwiko ukagonga.

Malengelenge mkono wa kulia. Bango la kinyozi halijaguswa.


Jumamosi, 8 Machi

Kabla ya kupanda chochote nimechora vibao. NYANYA kwa nyekundu, kivuli cheusi. KAROTI herufi zimeinama mbele, zinakimbia. MCHICHA, MATANGO. Vimependeza! Nimevichomeka kwenye udongo mtupu. Malkia kacheka, kasema ni mtaa mzima wa maduka na hakuna bidhaa. Kacheka mpaka nikaogopa. Daktari hakusema lolote kuhusu kucheka.

Kisha mbegu. Za karoti ni vumbi la msasa. Zilinata vidoleni, nikachoka, nikazimimina zote kwenye mfereji mmoja. Za nyanya kasema zianzie kwenye makopo, zikipata nguvu zihamishwe. Makopo? Ninayo! Karakana nzima makopo ya rangi. Nimeyasugua kwa tapentaini yakang'aa, nikajaza udongo, mbegu tatu tatu. Nimeyapanga chini kabisa ya dirisha, usawa ambao yeye akilala hauoni — nyekundu, machungwa, njano, mpaka buluu ya sare za shule. Nimekaa kwenye stuli nikiyatazama mpaka jua limehama upande wa pili wa uzio. Nilikuwa namwona mtu mdogo akitembea kati ya makopo, akiyahesabu kwa kidole. Nikajikataza.


Jumapili, 16 Machi

Siku nane. Hakuna kitu. Vibao vinatangaza biashara hewa.

Nimechokonoa kwa kijiti, kuhakikisha mbegu bado zipo. Zipo. Nikafunika. Baada ya chai nikachokonoa tena, mchicha safari hii. Mwiko! Malkia kasema mbegu siyo barua, haifunguliwi njiani kuangalia imefika wapi. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo alipokuwa akisema. Sikujua nitazame wapi, nikatazama kibao cha MATANGO.

Jumatano huja mkunga. Mwanamke mfupi, mfuko wa kahawia, viatu anavivua mlangoni bila kuambiwa. Ana kile kitarumbeta cha mbao cha kusikilizia. Anakiweka tumboni, anaweka sikio, anafumba macho. Sekunde hizo mimi hukitazama kitasa cha mlango. Nakijua sasa kitasa hicho kila mkwaruzo. Kisha anatikisa kichwa, ndiyo, na mimi nakumbuka kwamba binadamu hupumua.


Jumatano, 19 Machi

Zimeota! Saa moja asubuhi, kopo la buluu: kitu kimejikunja, kinainua mgongo kwanza, kichwa baadaye. Kijani ambacho sijawahi kukichanganya. Nimejaribu — njano mbili, buluu moja, tone la nyeupe — siyo. Nikajaribu tena. Siyo. Kufika mchana makopo tisa yana watu.

Mkunga kasema moyo unakimbia kama wa aliyechelewa kazini. Siku njema.


Jumanne, 25 Machi

Zimelala. Zote.

Shingo zimenywea pale zinapotokea udongoni, kama zimebanwa kwa koleo. Nimeinua kopo: zito. Nimelipindua, maji yakamwagika, meusi, yananuka karakana. Makopo hayana matundu! Asubuhi na jioni nimekuwa nikimwagilia kitu kisicho na pa kutokea. Na ile harufu ni tapentaini. Nimezinywesha tapentaini, maskini. Nani mwingine duniani angefanya hivi? Mchora mabango tu.

Malkia kauliza kutoka juu: wanetu wa makopo hawajambo?

Nikasema hawajambo, wanapendeza.

Ilitoka yenyewe, laini, na yeye akatabasamu akafumba macho. Nimekaa karakana mchana kutwa nimeshika brashi kavu.


Alhamisi, 27 Machi

Sokoni sikwenda. Sokoni yupo mamamkwe, meza ya tatu kutoka mlangoni, miaka thelathini anauza mboga. Nimekwenda kwa muuza miche wa njia panda. Kauliza nyanya za aina gani. Nikasema zinazofanana na zilizokufa. Kacheka, kasema wateja wake wengi wanataka aina hiyo hiyo.

Miche kumi na miwili. Nimeipanda alfajiri, Malkia bado yuko usingizini, mimi nimepiga magoti kwenye umande, moyo unadunda kama mwizi wa kuku. Alipofumbua macho: "Umeshahamisha? Mbona zimekua hivi!" Nikasema ni mkono huu. Nikauinua.

Njia ya mwongo ni fupi, wamesema. Lakini leo ilikuwa na jua, ndege wawili kwenye uzio, na yeye amekula sahani nzima. Nilitamani tu iwe ndefu kidogo.


Jumapili, 6 Aprili

Mamamkwe kaja na kikapu. Shikamoo mama, marahaba baba, na moja kwa moja nyuma ya nyumba hata chai hajagusa. Kainama. Kalishika shina la nyanya kwa vidole viwili, kama watu wengine wanavyopima kitambaa. Kasema chini chini, nisikie mimi tu: "Hizi nyanya zako, baba, zimezaliwa na meno."

Nikajitia hamnazo. Nikasema mbolea.

"Mimi sijaona kitu," kasema. "Ila mficha maradhi, kifo humuumbua." Kisha kanyanyuka, kashika kiuno, kapaza sauti dirishani kwa binti yake: bustani imependeza, mume umepata!

Kuhusu karoti kasema zimebanana mno, zitatoka nyuzi. Ng'oa tatu, bakisha moja. Alipoondoka nikaanza. Nikang'oa mbili. Zilikuwa na vimizizi vyeupe, vyembamba, na zilikuwa nzima kabisa, hazikuwa na kosa lolote. Nikazirudisha ardhini. Hazitaishi, najua. Nimeshindwa, na sitaki kuandika kwa nini.


Alhamisi, 10 Aprili

Miche mitatu imeanguka, imekatwa safi chini, shina kule jani huku. Nikadhani kuna mtu ananichukia.

Nimempigia mamamkwe simu nikiwa karakana, nanong'ona. Kasema hiyo ni sota, kiwavi cha udongoni. Pekua na kidole kuzunguka shina, utamkuta kajikunja. Kweli! Mnene, wa kijivu, hana wasiwasi. Dawa: asubuhi mapema wapekue uwaokote kwa mkono, na kila mche uvalishe kola ya karatasi ngumu, nusu ndani ya udongo nusu nje. Karatasi ngumu ninayo. Nimekata bango lililoharibika la ukumbi wa harusi, KARIBUNI WAGENI. Sasa mche mmoja una RIBU, mwingine WAGE, ule wa mwisho una I peke yake.

Malkia kauliza mbona nyanya zimevaa kola. Nikasema urembo. Muuza miche wa njia panda sasa ananisalimia kwa furaha.


Jumanne, 22 Aprili

Mchana wa joto, hakuna upepo. Matango yametambaa mpaka kwenye uzio, yanashika waya kwa vidole vilivyojizungusha mara sita, saba — nimehesabu. Nimelala chali kati ya matuta mawili, kofia usoni, nikasikia yeye juu dirishani anamsimulia mtoto habari za bustani. Kamwambia baba yako ana mkono wa baraka. Sauti ilikuwa inashuka juu yangu taratibu. Nikalala usingizi kabisa, nikaota majani yana maandishi na mimi ndiye pekee nisiyejua kusoma.

Nimeamka nikaona ukweli, usawa wa macho: majani ya chini ya nyanya yamekuwa ya njano. Siyo moja, siyo mawili. Kutoka dirishani unaona vilele tu.

Jioni kauliza: majani yana rangi gani? Nikasema kijani kibichi. Basi maji endelea hivyo hivyo, kasema, asubuhi na jioni. Nikaendelea hivyo hivyo.

Mimi, mtu wa rangi. Kudanganya mengine sawa, lakini rangi!


Jumamosi, 3 Mei

Jumatatu tunaingia wiki ya ishirini na tisa. Mimba ya mwaka juzi iliishia hapo. Hatujaitaja. Tumezungumza habari za matango tangu asubuhi, urefu, upana, maganda. Hatujawahi kuwa na mengi hivyo ya kusema juu ya tango.

Nyanya zina maua. Manjano madogo yaliyotazama chini.


Jumatano, 7 Mei

Mkunga kasikiliza. Kitasa. Ndiyo. Moyo upo, unakwenda.

Maua ya nyanya yanadondoka. Nimeokota kumi na saba, nimeyaweka kwenye kisahani karakana, sijui kwa nini. Malkia kauliza zimeshika? Nikasema zimeshika. Nishavaa miwani ya mbao, basi niivae yote.


Jumapili, 18 Mei

Naandika ilivyokuwa.

Asubuhi kasema: nataka kushika nyanya moja. Hata mbichi. Nishike kitu kilichotoka pale. Nikasema haya. Nikatoka kwa mlango wa mbele, nikaenda duka la kona, nikachagua moja inayoanza kugeuka, kijani na wekundu kidogo pembeni, nzuri — ningeichora. Nikarudi kwa mlango wa nyuma. Nikampa.

Kaipokea kwa mikono miwili. Kainusa. Kaigeuza. Kisha kaomba mkono wangu, nikadhani anataka kuubusu. Kanusa vidole vyangu.

Nilisahau kwamba nimemwoa mtoto wa muuza mboga. Anayegusa mche wa nyanya hubaki na harufu yake vidoleni, ile kali ya kijani, hata sabuni haiitoi upesi. Vyangu vilinuka tapentaini.

"Hii imelala kwenye kreti siku nne," kasema. "Ina alama ya ubao." Kaiweka dirishani. "Tangu lini?"

Nikamwambia. Makopo, tapentaini, njia panda, sota, majani ya njano, maua kwenye kisahani. Yote, mpaka duka la kona. Nilikuwa nasubiri agombe. Ningeshukuru. Hakugomba. Kaniuliza: "Siku ile ulijua saa ngapi?"

Hakusema siku gani. Hakukuwa na haja.

Saa tatu asubuhi. Sijawahi kuliandika hili popote. Saa tatu daktari aliniita nje ya wodi, akanipeleka koridoni, akanieleza kwamba moyo wa mtoto umesimama. Nikarudi ndani nikasema kila kitu kiko sawa. Nikammenyea chungwa. Nikasubiri nipate maneno, hayakuja, na kila nilipomtazama alikuwa na furaha, nikasema bado kidogo, bado kidogo. Saa kumi na moja jioni nesi aliingia akadhani mke wangu ameshaambiwa, akalitamka. Mchana kutwa mke wangu alikuwa akimwimbia mtoto.

"Masaa nane," Malkia kasema. "Masaa nane uliniacha peke yangu, na ulikuwa umekaa pembeni yangu."

Nimelia mbele yake. Yeye hakulia. Kageukia ukutani.


Jumatatu, 19 Mei

Mgongo kwa dirisha. Mwiko sakafuni. Kala kidogo. Ndiyo na hapana tu. Nimemwagilia kwa mazoea, nikakumbuka, nikaacha ndoo katikati ya njia. Nilitaka kumwambia kwamba nilifanya kwa upendo, nikaona kwamba hata hilo ni kujitetea. Niliogopa. Ndivyo ilivyokuwa, niliogopa sura yake itakavyobadilika.


Jumanne, 20 Mei

Saa mbili asubuhi, mwiko! Nilikimbia mpaka nikapiga kibao cha MCHICHA teke.

Kaegemea mito yake, nywele amezifunga. Kasema ukija hapa kuanzia leo unaanza na vilivyokufa. Kwanza hivyo, kisha vinavyoumwa, kisha ndiyo uniletee vinavyopendeza. "Mimi nitalala hapa wiki tano nyingine. Ukinificha kilichokufa, nitakiamini vipi kilicho hai?"

Basi nikasimama chini ya dirisha nikasoma orodha. Nilikuwa naeleza, yeye anafumba macho, anauliza. Njano imeanzia majani ya chini au ya juu? Ya chini. Udongo ukiubana unabaki donge? Unabaki. "Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili." Nikachomeka. Matope. "Mungu wangu, unazizamisha! Mimi nakwambia endelea, kumbe nakwambia uue!" Kasema maji yasimame siku nne, na baadaye kidole kikitoka kikavu ndipo nimwagilie, asubuhi tu, chini kwenye shina. Nyasi kavu zitandazwe juu ya udongo usichemke. Miezi miwili ametoa amri nzuri kwa bustani isiyokuwepo.

Na maua? Hayo huanguka kwa joto, na kwa maji ya kupita kiasi, na huku kwenye kona yetu hakuna upepo wa kuyatikisa. Yatikise wewe asubuhi, kasema, taratibu, ua kwa ua. Nikauliza kwa brashi inafaa? Kafikiri. Kasema lete brashi nyembamba kuliko zote.

Hajanitabasamia. Lakini mgongo haukuwa dirishani.


Jumamosi, 24 Mei

Asubuhi saa mbili, jua bado liko chini, mimi na brashi ya manyoya laini, ile ya kuchorea kope. Nagusa ua, natikisa, nahamia jingine. Vumbi la njano linabaki kwenye ncha. Siku yote hutulia hapo. Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama, kidevu juu ya ngumi. Kauliza unawaza nini? Karibu niseme siwazi kitu. Nikasema nawaza nitakuwa baba wa namna gani, mtu mwoga hivi. Kasema endelea na ile ya kushoto, umeiruka.

Mchana karoti. Kasema ng'oa, mimi natazama. Tatu, bakisha moja. Kila tatu nilizong'oa niliziinua juu azione, naye akaitikia kwa kichwa, nikaziweka kwenye sinia. Tulichukua saa nzima. Mwisho kaniambia zilizobaki sasa zina nafasi, na sauti yake ilikatika katikati, na mimi niliingia ndani nikamshika miguu kupitia shuka. Kaniacha nimshike.


Jumatano, 28 Mei

Vilivyokufa: mche mmoja wa nyanya, ule wa RIBU. Vinavyoumwa: mchicha una vidukari, weusi, wamejazana chini ya majani. Malkia kasema maji na sabuni ya kipande, kidogo, kwenye chupa ya kupulizia, jioni jua likipoa, na chini ya majani siyo juu. Nimepuliza. Wamehama au wamekufa, sikuuliza.

Vinavyopendeza: vitatu! Nyuma ya maua ya nyanya yaliyonyauka, vitatu vya kijani, duara, vidogo kuliko shanga. Zimeshika kweli! Nimempelekea vidole avinuse. Kanusa, kacheka. Kacheka! Kasema sasa unanuka kama mtu. Nimezunguka nyumba mara mbili bila sababu.

Mkunga kasikia moyo. Tumbo kalipima kwa futi ya kitambaa, kisha kapima tena. Kasema ni dogo kidogo kwa wiki zake, tusiwe na papara, atapima tena Jumatano. Kasema mtoto akicheza kidogo kuliko kawaida, siku hiyo hiyo apigiwe simu, tusingoje. Tulisikia wote wawili. Alipoondoka tuliliongelea, tumbo dogo, kwa jina lake, mpaka chai ikapoa.


Jumanne, 3 Juni

Saa tatu na robo asubuhi.

Malkia kaamka kasema tangu jana jioni mtoto anacheza kidogo. Sasa hivi hachezi. Kaniambia hapo hapo, bado hajakaa vizuri. Nikampigia mkunga, kasema anakuja, tufunge mfuko wa nguo, tukae tayari kwa hospitali. Mfuko upo mlangoni. Gari la jirani fundi friji limewashwa nje, nalisikia.

Mkunga kaja. Viatu mlangoni. Kaweka kitarumbeta kushoto, kasikiliza. Kulia. Chini ya kitovu. Kafumba macho. Safari hii sikukitazama kitasa, nilimtazama mke wangu, naye ananitazama mimi. Dirisha liko wazi, nje kumetulia, matango hayatikisiki. Muda mrefu. Mkunga kakihamisha tena, kabonyeza kwa vidole, kasikiliza tena.

Kisha kanyanyuka. Kanitazama mimi, siyo yeye. Kasema kwa upole: "Baba, hebu tutoke nje kidogo."

Na miguu yangu ikasimama! Yenyewe. Inaijua korido ile. Malkia hakunishika nguo. Alikuwa ananitazama tu, aone.

Nimekaa. Kitandani, upande wake. Nikasema hapana, sema hapa. Ilitoka kwa sauti mbaya, kama nagombana na mama wa watu. Nikasema tena, taratibu: dada mkunga, lolote liwalo, tuambie wote wawili, hapa.

Mkunga kasimama kidogo. Kisha kasema haya, ninawe mikono. Yuko bafuni. Maji yanatiririka.

Malkia kaniambia mikono yako inatetemesha kitanda, andika kitu huko kwenye daftari lako. Basi naandika. Mkono wake uko juu ya goti langu, mzito, una joto. Mwingine uko tumboni. Sijui kilichopo kwenye uso wa mkunga, na nimeogopa kuliko siku zote za maisha yangu, na sitoki hapa.

Maji yamefungwa. Anarudi. Anavuta stuli, anaisogeza karibu, anakaa usawa wetu —